Nailoni Inayopumua

Kiwanda cha plastiki kilipouzwa kwa mtu binafsi, wafanyakazi wake wakapunguzwa kama magugu ya palizi, na Felisian akarudi Sumbawanga baada ya miaka kumi na miwili ya kuhudumia mashine za Dar es Salaam. Watu wa mtaa wake wa Chanji walitazamia kumwona anashuka na kiinua mgongo. Alishuka na marola manne ya nailoni, kila moja nene kama gogo, na ilibidi wanaume wawili wayaviringishe kutoka kwenye lori hadi mlangoni kwake huku majirani wakihesabu kwa sauti.

Ukweli ni kwamba alipewa mali badala ya fedha. Mwenye kiwanda mpya alikuta bohari limejaa nailoni moja ya ajabu, nzito, ya rangi ya uji, isiyonunulika, akawaambia wa mwisho kwenye orodha wachukue hiyo au waende mikono mitupu. Wenzake walitukana wakaondoka. Felisian peke yake ndiye aliyeshukuru, na mtu anayeshukuru anapodhulumiwa huonekana mjinga, sembuse akiwa Mfipa ugenini.

Lakini yeye alikuwa na sababu yake. Nailoni ile ilikuwa kazi ya fundi mkuu wa kiwanda, mzee mmoja aliyeletwa kutoka India, aliyechanganya plastiki na unga laini wa chokaa karibu nusu kwa nusu. Mzee alimweleza mara nyingi, wakinywa chai kando ya mashine: ukiivuta nailoni hii polepole ikiwa na joto, plastiki inabanduka kwenye kila punje ya chokaa na kuacha kitundu. Vitundu hivyo ni vidogo mno. Tone la maji haliwezi kupita, lakini mvuke unapita. Nailoni inazuia mvua, na papo hapo inapumua. Ilikuwa inasubiriwa mashine ya kuvutia tu. Mashine haikuja. Akaja dalali na nyundo yake.

Basi marola yakakaa sebuleni Chanji. Hellena, mkewe, mwanamke asiyependa kitu kikae bure, aliyatandika vitambaa vya kufuma akayageuza viti. Mgeni akibisha hodi aliambiwa, "Karibu ndani, kaa hapo kwenye kiinua mgongo cha mume wangu." Wageni walicheka. Felisian naye alicheka, ila kicheko chake kiliishia kwenye meno.

Kilichomkera zaidi hakikuwa kicheko cha wageni bali kimya cha mama mkwe. Mama Adela wa kijiji cha Pito alikuwa mwanamke wa mila za zamani. Kwake mkwe wa kiume hamwangalii mama mkwe usoni, hamshiki mkono, wala hawasemezani. Kama kuna neno, lipitishwe kwa mtu wa tatu. Miaka kumi na mmoja ya ndoa Felisian hakuwahi kuambiwa na mama huyu hata "pole". Alipokuwa na kazi mjini hakuona tabu. Sasa alikuwa hana kazi, na maneno ya mama mkwe yalimfikia kwa kuzunguka nyumba, kama moshi: "Wakwe wa wenzangu wanaleta mabati. Wa kwangu ameleta makaratasi." Felisian alitamani jambo moja tu duniani, mama yule amwone kuwa mtu. Hakumwambia yeyote, lakini alilitamani kama mtoto anavyotamani nyama ya sikukuu.

Mwaka wa tisini na saba mvua ikawahi. Ilikuja na hasira, ikapiga Ufipa nzima asubuhi na jioni. Na mwaka huohuo ndio Clemens, kitindamimba wa Mama Adela, alipokuwa anapewa upadri. Misa yake ya kwanza ingesomwa Pito, watu wangetoka mpaka Chala, na hakuna mtu wa uwandani Ufipa anayeweza kula sikukuu ya namna hiyo kwa soda. Ilitakiwa pombe ya ulezi, kimpumu chenyewe, kinachonywewa cha moto kwa mirija, na mama wa padri ndiye mwenye kuitoa.

Mama Adela alikuwa ameloweka magunia matatu ya ulezi, ukaota vizuri, ukawa kimea cha kupendeza. Kikabaki kukausha. Jua likakataa. Ndani ya nyumba hakikuenea, na jikoni kingeshika moshi. Wanawake wa jumuiya ya kanisa wakamwazima nailoni ya kawaida, ile nyeusi ya dukani, wakaifunika juu ya fito. Mvua haikupita, lakini kesho yake nailoni ilikuwa inalia kwa ndani, matone yanadondokea kimea kama ukiwa chini ya mti baada ya mvua. Kikianza kuvunda, mama wa padri angewapa wageni nini? Maji ya baraka?

Jumamosi Felisian na Hellena walikwenda Pito kusalimia. Walikaa uani kama desturi ilivyotaka: Mama Adela ameelekea jikoni, Felisian ameelekea zizi la mbuzi, Hellena katikati.

"Hellena," alisema Felisian, akiwatazama mbuzi, "mwambie mama kwamba nailoni yangu haitalia. Inapumua."

"Mama, anasema nailoni yake inapumua."

"Mwambie nimesikia," alisema Mama Adela, akilitazama jiko. "Muulize kama inakula pia."

"Anauliza kama..."

"Nimesikia. Mwambie anipe siku tatu. Kimea kikiharibika chini ya nailoni yangu, sitakanyaga tena uwanja huu."

Hellena aligeuka akamtazama mumewe badala ya kupeleka ujumbe. Lakini Mama Adela alikuwa ana masikio, na jiko halikuwa limeyaziba. "Mwambie siku tatu," alisema hatimaye, "kwa sababu sina mahali pengine pa kukimbilia." Hiyo haikuwa sifa, lakini Felisian aliibeba mpaka Chanji kama yai.

Marola matatu yakaletwa Pito, sasa ikaja habari ya kuvuta. Mashine haikuwepo, ila alikuwepo Bundala, Msukuma aliyehamia bondeni chini ya Pito na ng'ombe wake, mtu mrefu, mcheshi, aliyewahi kuwamba ngozi nyingi kuliko siku alizokwenda shule. Felisian alimweleza habari ya vitundu. Bundala alisikiliza, akaitafuna nailoni kidogo pembeni kuionja.

"Hii ni ngozi," akatoa hukumu. "Ngozi ya mnyama asiye na damu. Mnataka iwambwe, si ndiyo? Nitaleta maksai."

Maksai wenyewe waliitwa Jenerali na Kabati. Walikibana kichwa cha nailoni kati ya mbao mbili, wakazifunga kwenye mti wa mkaratusi. Mwisho mwingine wakaubana vilevile, wakaufunga kwenye nira. Wakangoja saa sita, mawingu yalipoachana kidogo na nailoni ikapata joto la kushikika. Nusu ya Pito ilikuja kutazama, kwa kuwa hapakuwa na la kutazama zaidi.

Mara ya kwanza Kabati aliona majani mazuri mbele, akayakimbilia. Nailoni ikatoa mlio, ikakatika, mbao ikaruka, na katekista aliyekuwa amesimama vibaya akakaa chini bila kukusudia. Watu wakacheka mpaka wakashikana. Felisian alihisi masikio yanawaka moto. Rola moja lilikuwa limeshakwenda, na jua halikuwa na mpango wa kukaa.

"Haraka ya nini?" Bundala aliwauliza maksai, si watu. Mara ya pili alitembea mbele yao kinyumenyume, akiwasemesha Kisukuma kwa sauti ya chini kama anayebembeleza mtoto, hatua moja, pumzika, hatua moja, pumzika. Na hapo ndipo Felisian alipoliona jambo alilokuwa amelisikia tu kwa mzee wa kiwandani. Rangi ya uji ilianza kugeuka. Mstari mweupe ulitokea katikati, ukapanuka, ukaenea pande zote, na nailoni ikawa nyepesi, laini, nyeupe kama kanzu ya misa, ikirefuka hadi mara tatu ya urefu wake. Kicheko kilikufa chenyewe. Kama Felisian angeulizwa jina lake wakati ule, angeomba apewe muda.

Jioni ile alifanya jaribio mbele ya watu. Alifunga kipande juu ya kikombe cha chai ya moto, akakifunika kwa glasi; glasi ikaota ukungu. Kisha akajaza kikombe maji baridi, akakifunga, akakigeuza juu ya kichwa chake mwenyewe, naye amevaa shati la Jumapili. Hakuna tone lililodondoka. Wanawake wakapiga vigelegele. Mama Adela alikuwa ameelekea jikoni, lakini Hellena alisema baadaye kwamba jiko siku ile lilitazamwa kwa jicho moja tu.

Walilivuta rola la tatu, wakajenga hema la fito juu ya kichanja, wakalifunika kwa nailoni nyeupe juu na pande zote. Siku ya kwanza mvua ilipiga mara mbili. Ndani kimea kilikaa kama kiko nyumbani. Siku ya pili kilianza kuwa chepesi mkononi. Felisian, mwenye furaha, akaenda mjini kuitikia wito wa Clemens, aliyehitaji mtu wa kumsaidia kubeba vitabu na viatu, akalala huko.

Nisikilize vizuri hapa, kwa maana ubaya mwingi wa duniani hufanywa na watu wema wakiwa na dakika chache za ziada. Bundala alipita mchana wa siku hiyohiyo kuangalia kazi yake. Akaitazama ile nailoni nyeupe, kavu, na moyo ukamuuma. Kwao ngozi ikishawambwa hupakwa mafuta, la sivyo hukakamaa ikapasuka. Na hii ilikuwa imepauka vibaya, kama miguu ya mtoto ambaye mama yake amesafiri.

"Shikamoo mama," alimwambia Mama Adela. "Hili hema la padri mnaliacha limepauka hivi, wageni watasemaje?"

"Marahaba baba. Hata mimi nililiona," alisema Mama Adela. "Nikasema labda ndivyo wanavyopenda huko Dar es Salaam."

Bundala akaleta kibuyu cha samli. Mama Adela akaongeza kopo lake la mafuta ya kupikia, maana hakutaka Msukuma aonekane mkarimu kuliko mwenye shughuli. Wakapaka kuanzia kileleni hadi chini. Na ajabu ikatokea: kila walipopaka, weupe uliondoka, nailoni ikang'aa ikawa kama kioo cha dirisha, kimea chote kikaonekana ndani. Majirani waliitwa kuja kuona. Watu walisifu sana.

Felisian alirejea kesho yake saa nne asubuhi, akaliona hema linang'aa kutoka barabarani. Alikimbia. Ndani, chini ya nailoni, matone yalikuwa yamejipanga kama shanga. Aliingiza mkono kwenye kimea, akakuta joto, tena harufu ya uchachu imeanza.

"Nani amepaka mafuta?"

"Mimi," alisema Bundala kwa fahari. "Huna haja ya kunishukuru."

"Vitundu, Bundala! Mafuta yameingia kwenye vitundu. Umeiziba pua!"

Bundala alisawijika uso. Mtu yule mrefu alionekana ghafla mfupi. Mama Adela alisikia yote akiwa mlangoni, na hakuwa mwanamke wa kulia kabla hajafanya kazi. Kama mafuta ndiyo kosa, dawa ya mafuta inajulikana na kila aliyewahi kuosha sufuria. Kufumba na kufumbua alikuwa ametoka na beseni, sabuni ya mche na dodoki, wanawake wanne wa jumuiya nyuma yake, na juu ya Pito mawingu meusi yalikuwa yameshaanza kunguruma.

Felisian alipoiona sabuni alikumbuka. Mzee wa kiwandani alikuwa amemwonya: mafuta yanaziba, lakini sabuni ni mbaya zaidi, inayafundisha maji kupenya. Nailoni hii ikioshwa kwa sabuni, mvua itapita kama kwenye chujio, na kimea chote kitalowa.

"Hellena!" aliita. Hellena alikuwa bombani. "Bundala, mwambie mama..." Bundala alikuwa ameshashuka bondeni kuficha uso wake. Wanawake wanne walikuwa wakikoroga povu na kuimba. Felisian alizunguka akitafuta mtu wa tatu, na mtu wa tatu hakuwepo. Alikuwepo kuku mmoja.

"Wewe kuku," alisema Felisian, "mwambie mama asitie sabuni."

Kuku akaenda zake. Mama Adela akachovya dodoki, akainua mkono kuelekea hema.

Felisian akaudaka.

Aliudaka mkono wa mama mkwe wake, mbele za watu, ukiwa na povu mpaka kiwikoni, akampokonya dodoki, akapiga kelele, "Mama, acha! Sabuni itatumaliza!" Wimbo ulikatika. Mwanamke mmoja akajifunika khanga usoni ili asiwe shahidi. Felisian mwenyewe aliutazama mkono wake kama wa mtu mwingine, na akajua kwamba kimea kipone kisipone, yeye amekwisha. Wakati huohuo alimwona mama mkwe usoni kwa mara ya kwanza. Alikuwa na macho ya Hellena, tena yamejaa hofu.

"Felisian," alisema Mama Adela, bila kumpitia mtu yeyote. "Kama si sabuni, ni nini? Sema basi, mbona unanikodolea macho? Mvua hiyo inakuja!"

"Kuna rola moja, mama. Liko Chanji. Wageni wanalikalia."

"Likaletwe!"

Mkokoteni wa jirani ukatumwa. Wakati unangojwa, Mama Adela aliwapanga wanawake wakahamishia kimea kwenye nyungo, mikeka, shuka na kila kitu kipana, hata meza ya padri, wakikipepea ndani ya nyumba kisizidi kupata moto. Manyunyu ya mvua yalipita yakaacha matope. Rola likafika na vitambaa vyake vya kufuma bado juu. Lakini jua halikuwepo la kulipasha, na hata Jenerali na Kabati wangeteleza kwenye matope kama walevi.

Felisian hakungoja mtu wa tatu tena. "Mama, yale mapipa ya pombe, yatiwe maji na moto. Tutaipasha kwa maji. Na tutavuta sisi wenyewe."

Walikuwa watu ishirini na wawili: jumuiya yote, katekista, kwaya iliyokuja kufanya mazoezi, na Bundala, aliyerudi peke yake bila kuitwa, akashika mwisho wa mbao bila kusema neno. Mama Adela akashika kando ya mkwe wake, bega kwa bega. Hellena na wenzake wakawa wanamwagia nailoni maji ya moto kwa kata. Kwaya ikaanza wimbo wa shangwe, na mbao ikashtuka.

"Si huo!" alipiga kelele Felisian. "Polepole! Imbeni wa Kwaresima, tena ule wa Ijumaa Kuu!"

Wakaimba wa Ijumaa Kuu. Katikati ya Novemba, matope mpaka kwenye vifundo, mvuke unapanda, watu ishirini na wawili walirudi nyuma hatua moja kwa kila ubeti wa huzuni, na nailoni ikawa nyeupe mikononi mwao. Mara moja mguu wa Felisian uliteleza, na aliyemshika kiuno asianguke alikuwa mama mkwe. Hakuna aliyepata nafasi ya kushtuka. Mvua kubwa ilipofika, hema lilikuwa limevalishwa upya, nusu saa tu mbele yake.

Gunia moja na ushee lilikuwa limeshaharibika, likapewa Jenerali na Kabati, waliolala siku nzima wakitabasamu. Magunia mawili kasoro yalikauka kwa siku nne, yakasagwa, yakapikwa.

Siku ya misa watu walikuja wengi kuliko pombe, kama ilivyo kawaida ya watu. Baada ya kula, mzee mmoja wa ukoo, mwenye kupenda kesi kuliko nyama, alisimama akakohoa. Alisema sikukuu ni njema, padri ni mwema, lakini kuna jambo limefanyika katika uwanja huu ambalo haliwezi kunyamaziwa. Mkwe amemshika mama mkwe mkono mbele za watu, akampigia kelele. Lazima atoe faini ya kondoo, na asikanyage hapa mpaka aitoe.

Padri Clemens alitaka kusema kitu, mzee akamzuia kwa kidole, kwani upadri wake ulikuwa na siku mbili tu. Felisian aliinuka. Hakuwa na kondoo, ila alikuwa tayari kukubali. Alichokitaka kwa miaka yote alikuwa amekiona kwa siku moja kwenye matope, na sasa kilikuwa kinachukuliwa kwa utaratibu.

Mama Adela, aliyekuwa amekaa na wazee wenzake wakizunguka chungu chenye mirija, hakuinuka.

"Kondoo nitatoa mimi," alisema. "Niliyeshika sabuni ni mimi. Na mafuta nilipaka mimi. Bundala alileta tu kibuyu. Bila mkono ule, mzee, ungekuwa unanywa soda hivi sasa, na kesi hii ungeisema ukiwa mkavu."

Watu walicheka, na mzee akakaa. Mama Adela alisogea kidogo kwenye mkeka, akatoa mrija mpya, akauchovya chunguni mwake mwenyewe, kisha akamtazama mkwe wake usoni bila kupepesa.

"Felisian. Njoo ukae hapa."

Felisian akaenda, akakaa, akainama juu ya chungu kimoja na mama mkwe wake, akavuta. Pombe ilikuwa ya moto na chachu kidogo, na machozi yakamtoka waziwazi, hata hakujisumbua kusingizia mvuke.

"Kunywa, baba," alisema Mama Adela kwa upole. "Kunywa ushibe. Kesho nina maharage ya kufunika."